Ndimu, Nyundo na Ulimi

Vijana wangu mnaokaa sasa kwenye meza ile iliyo karibu na mlango wa makumbusho, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kuyasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba msitarajie kusoma nilipandishwa cheo lini na nani alinipandisha. Vyeo vimo kwenye mafaili, na panya wanavisoma. Mimi nitasema habari za mawe. Yamenilisha na kunivisha maisha yangu yote ya kazi, na yamenipa jina la Mlamba Mawe, ambalo mji mzima unalijua na mke wangu halipendi.

Meza ile niliikuta. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akiokota pwani kitu asichokijua, akilete aambiwe ni kitu gani. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe chini mpaka juu, na watu wake wamelizoea jiwe hilo. Wanalichonga, wanalijengea, wanalichoma likawa chokaa. Kwa hiyo mtu wa Unguja akiokota jiwe jeusi, au zito kupita kiasi, au lenye sura ya kiumbe, hawezi kukaa nalo kimya. Hulitia kwenye mkoba wa ukindu akaja nalo mjini, na akifika mezani hulitoa polepole, na macho yake yote yako usoni kwako wewe, si kwenye jiwe.

Siku yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikwenda kazini na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, nikidhani nitaketi na kuandika. Mkuu wa meza alikuwa Maalim Burhani, mwalimu wa skuli aliyeacha kufundisha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mawe hayachelewi wala hayaombi ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa mfupi, mkali, na mpenzi mkubwa wa halua. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kuinua kichwa, kisha akanipa vipande viwili vya rangi ya kahawia, kila kimoja kama kidole gumba, akaniambia nivilambe.

Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni.

"Lamba," akasema. "Kimoja ni jiwe na kimoja ni mfupa. Macho yako hayakwambii kitu. Ulimi utakwambia."

Nikalamba. Kwenye kipande cha kwanza ulimi uliteleza. Cha pili kiliniganda, nikashtuka nikakitoa. Mfupa wa zamani una vitundu vidogo mno ambavyo hunyonya mate, na ulimi huhisi umeshikwa. Jiwe halishiki. Tangu siku hiyo mpaka nimestaafu nimelamba vitu ambavyo sitavitaja mbele ya watu wanaokula, na kwa muda wote huo nimesukutua mdomo kabla ya kuketi mkekani, kwa amri ya mwenye nyumba.

Ramadhani ilitutia taabuni. Maalim alikuwa na rai yake kwamba kulamba bila ya kumeza hakufunguzi, lakini akaongeza kwamba yeye si shekhe, na kwa hiyo kila kilichohitaji ulimi kiliwekwa kwenye kikapu mpaka mwezi uishe. Watu wengine siku ya Idi walianza na halua. Sisi tulikuwa na kikapu kinatungojea.

Chombo cha pili kilikuwa ndimu. Jiwe letu lina chokaa ndani yake. Ukilikwaruza kwa kisu ukapata unga, kisha ukaudondoshea maji ya ndimu, utaona povu dogo linachemka. Jiwe lililotoka nchi nyingine, kwa kawaida, hukaa tu likakutazama. Ndimu tulizinunua Darajani, na muuzaji wetu aliamini kwamba pale makumbusho tunakula samaki kutwa.

Cha tatu ni nyundo. Maalim alikuwa na nyundo ndogo ya kichwa cha mraba, mpini wake wa mkarafuu umeng'aa kwa jasho la mkono wake, na alinibebesha muda mrefu kabla ya kuniruhusu kugonga chochote. Nyundo ni ya mwisho, alikuwa akisema, kwa sababu kila swali jingine unaweza kulirudia. Mimi nimewafundisha nyinyi vivyo hivyo, na najua mlikuwa mnanung'unika nikigeuka.

Vitu vya kale, hivi ambavyo leo mnaviita visukuku, sisi wakati ule tuliviita mawe yaliyokuwa na roho. Havikuwa vingi. Vingi vilivyokuja mezani vilikuwa na maelezo mafupi yasiyomfurahisha mwenyewe. Watu wa Nungwi walileta mawe meusi ya mviringo, mazito, yasiyochemka kwa ndimu. Hayo ni farumi. Vyombo vya zamani vilivyokuja vitupu vilitiwa mawe kwenye ngama, chini kabisa ya tumbo la chombo, ili visiyumbe, na vikipata shehena mawe hutupwa. Kwa hiyo jiwe geni la Unguja mara nyingi ni abiria aliyeshushwa njiani. Bwana mmoja wa huko Nungwi alikuwa na hakika kwamba lake limeanguka kutoka mbinguni. Nilimweleza habari za farumi kwa upole, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina hakika halikuanguka hata kidogo.

Halafu kulikuwa na ambari, ile nta ya nyangumi ambayo wauza manukato huinunua kwa bei ya dhahabu. Kila bonge lenye harufu mbaya lililookotwa ufukweni lilikuwa ambari mpaka lifike kwetu. Tulilichoma kwa sindano ya moto tukanusa. Mwungwana mmoja wa Mbweni alileta la kwake limefungwa kwenye leso ya hariri, na alikuja na shahidi. Lilikuwa sabuni. Sabuni nzuri, nikamwambia, na bado inafua.

Na kulikuwa na Bi Nasra wa Malindi, ambaye kila nikimkumbuka nacheka. Alileta jiwe la mviringo, bapa upande mmoja, na juu yake pana nyota ya mikono mitano iliyochorwa kwa vitone. Alikuwa akilitumia kukandamizia kifuniko cha gudulia la achari. Nilikwaruza, nikadondosha, nikalamba, nikapata ladha ya pilipili ya miaka mingi. Lilikuwa kiumbe mmoja wa baharini, mwenye miiba akiwa hai, aliyegeuka jiwe, mzima, bila ya ufa. Nikamweleza, nikamwambia kwa heshima zote kwamba makumbusho yangefurahi kulihifadhi. Bi Nasra akalichukua, akalifuta kwa ncha ya kanga.

"Mie nlikuja kutaka jina," akasema. "Jina nshalipata. Jiwe nnarudi nalo, achari yangu iko wazi."

Maalim alicheka siku ile mpaka akaondoa miwani. Lakini alinifundisha pia jambo ambalo ningependa mlichonge kwenye ubao wa meza. Mtu haleti jiwe peke yake. Analeta jiwe pamoja na anachokitaka liwe. Kazi yako ni kumwambia ulichokiona, na kunyamaza pale macho yako yanapokoma. Usiseme zaidi ya unachokiona. Aliyasema hayo mara nyingi mno hata nikawa siyasikii tena, mpaka nilipoyahitaji.

Sasa nifike kwenye kazi ninayojivunia kuliko zote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, msimu wa kusi. Miguu ya Maalim ilikuwa imeanza kuvimba, na alikaa kwenye kiti kutwa. Akaingia mtu wa makamo, nguo safi lakini kucha zake nyeupe kwa chokaa. Kila aliyekuja mezani kwetu alikuja na kitu. Huyu alikuja mikono mitupu.

Maalim akamuuliza ameokota nini.

"Sikuokota mimi," akasema. "Wameokota wengine, na washakizika."

Jina lake Simai. Alitoka kijiji kimoja cha pwani ya kusini ambacho sitakitaja, kwa sababu watu wake wapo na wana haki ya kuzisoma habari hizi kwa raha. Ni kijiji cha wachonga mawe na wachoma chokaa. Simai alifanya kazi hiyo pamoja na shemeji yake, Pandu, mume wa dada yake Bi Mize. Walichonga mawe kwenye mwamba ulio juu ya ufuko. Siku moja, miaka mingi kabla ya hapo, wawili hao waligombana kwa ajili ya tanuri lao, kwa sauti, na watu wakasikia. Pandu akatupa shoka, akashuka pwani akafuata ufuko kwenda kijiji cha pili kwa jamaa zake. Hakufika. Alitafutwa baharini na barani asionekane, askari walikuja wakauliza wakaondoka, na Simai akabaki kuwa mtu wa mwisho aliyemwona.

Kwa miaka yote hiyo Bi Mize hakumdhania kaka yake baya. Kisha kusi la mwaka ule likachota mchanga wa ufuko. Wanawake waliokwenda kuokota chaza maji ya bamvua yalipokupwa wakaona, chini kabisa ya pale walipokuwa wakichonga Simai na Pandu, mifupa ya mkono ndani ya jiwe. Kitanga, na vidole vyote vimenyooka.

Wanaume walikuja na mitaimbo wakaling'oa lile bamba la jiwe lenye mkono. Sasa fahamuni kwamba hawa ni watu wa chokaa. Wangekuwa wakulima wa Kidichi pengine wangesema jiwe limeota. Wao waliutazama ule mwamba uliouzunguka mkono, mweupe, wenye chembe za mchanga, mgumu, wakaona kitu wanachokichanganya wenyewe kila siku. Wakasema hii ni chokaa na mchanga. Kuna mtu alikoroga akamimina. Na waliokuwa wakifanya kazi pale walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye huyu aliye ndani.

Imamu wa kijiji hakuingia kwenye maneno hayo. Yeye aliona mifupa ya Muislamu isiyozikwa. Akaitoa kwenye jiwe, akaiosha, akaivisha sanda, ikaswaliwa, ikazikwa kwa jina la Pandu. Na Bi Mize, baada ya miaka ya kungojea, akaingia eda.

Maalim akamuuliza Simai watu wanamwambia nini.

"Mbele yangu hawasemi kitu. Ila nnakwenda kwa dada yangu, nnapiga hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namsikia yumo ndani. Hanitikii. Basi nnaondoka."

Kwetu hodi ya tatu isipoitikiwa, hata ndugu wa tumbo moja hugeuka akarudi. Maalim akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi, akamuuliza anataka tumfanyie nini.

"Nnataka mtu anambie kile ni kitu gani," akasema Simai. "Hata kama ni Pandu, nijue ni Pandu. Maana mie nilimwacha yu hai."

Maalim hakuweza kwenda kwa miguu ile. Akanipa nyundo yake, ile ile ya mpini wa mkarafuu, ambayo hajapata kumpa mtu kutoka nayo nje ya jengo. Akanionya mambo mawili. La kwanza, kwamba jiwe si saa. Mchanga wa pwani zetu unaweza kugeuka mwamba katika umri wa mtu mmoja, na yeye mwenyewe amewahi kuona chupa ya soda ndani yake. Kwa hiyo nisije nikasema mkono ni wa kale kwa sababu tu umo ndani ya jiwe. La pili mnalijua, nisiseme zaidi ya ninachokiona. Nikanunua ndimu, nikapanda gari ya shamba pamoja na Simai, na njia nzima hatukusema mengi.

Sheha, mkuu wa kijiji, alitupokea vizuri, imamu alitupokea kwa adabu. Alikuwa mtu mwembamba, mkweli, na alinieleza wazi kwamba kaburi halifunguliwi. Amemswalia maiti na hatamfukua kwa ajili ya makumbusho. Nilimwambia ana haki, nami sikuja kufukua. Nikaomba nionyeshwe pale ulipotoka mkono. Nilimwona akishusha pumzi.

Tulishuka maji yalipokupwa, mimi, Simai, sheha, imamu na wazee kadhaa, na nyuma yao kijiji kilichojifanya kina shughuli zake pwani. Shimo la bamba lilikuwa bado wazi. Nikatoa ndimu kisha nikairudisha mfukoni, kwa sababu chokaa ya mtu na jiwe la Mungu vyote vingechemka sawasawa. Badala yake nikatoa kioo cha kukuzia, nikawauliza wao, wenye kazi yao, chokaa ya tanuri haikosi nini. Hawakunielewa. Nikauliza inakuwa na nini siku zote, hata uichekeche vipi. Mzee mmoja akajibu kwamba ina chembe za mkaa, kwa kuwa inachomwa kwa kuni. Nikampa kioo.

Akatafuta. Akampa mwenziwe, naye akatafuta. Kioo kilizunguka mpaka kikarudi kwangu, na hapakuonekana hata chembe moja nyeusi. Nikawaonyesha vipande vya makombe ndani ya mwamba, vimelala tabaka juu ya tabaka, vyote vimeinamia baharini, na tabaka hizo hizo zinaendelea chini ya miguu yetu mpaka kwenye rasi. Nikauliza ni nani aliyemimina chokaa pwani nzima. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mabega ya watu yakashuka kidogo.

Simai alianza kutabasamu, ikabidi nimkatize. Nilisema kwa sauti wasikie wote: nilichokiona ni kwamba hii si chokaa ya mtu. Lakini mtu aliyezama anaweza kufunikwa na mchanga, na mchanga ukawa jiwe. Sijasema mkono ule si wa Pandu. Uso wake ulibadilika, na nilijichukia. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikapiga magoti shimoni na patasi. Maji yangerudi, na kila mtu alilijua hilo, lakini nilichokoa taratibu kama nilivyofundishwa. Ikatokea mbavu. Kisha ya pili, pembeni yake, imepinda vilevile. Mzee mmoja akasema "La ilaha illallah" kwa sauti ya chini, na imamu akasogea mbele, nadhani ili anizuie. Lakini mbavu ya pili ilikuwa imekwisha kulegea, nikaitoa, na mkono wangu ukashuka. Ilikuwa nene katikati kama ndizi mkono wa tembo, na nzito hata nikadhani nimetoa jiwe.

Nikawauliza tena wao. Nani hapa amechinja mbuzi? Wote. Nani amechinja ng'ombe? Mbavu ukiivunja, ndani mna nini? Wakasema mna vitundu na uboho. Nikaiweka ile mbavu juu ya mwamba, nikachukua nyundo ya Maalim, na nikaomba dua, kwa sababu nyundo ni ya mwisho. Nikagonga mara moja.

Ilivunjika safi. Ndani ilikuwa imejaa, ngumu na nyeupe mpaka katikati, bila ya kitundu wala njia ya uboho.

Kuna mnyama mmoja tu wa pwani zetu mwenye mbavu hizo. Anakula majani chini ya maji, na ili asielee, Mwenyezi Mungu amemtilia farumi yake mwenyewe ndani ya mifupa. Nikasema huyu ni nguva. Nikasema pezi la nguva, chini ya ngozi na nyama, lina mifupa ya mkono na vidole vitano, na wao hawajapata kuviona kwa sababu pezi hukatwa likatupwa, hakuna anayelichuna. Mzee mvuvi aliichukua ile nusu ya mbavu, akaipima kiganjani, akasema ni kweli, ubavu wa nguva anaujua, babu yake alikuwa na mpini wa kisu wa mfupa huo.

Imamu alikuwa ananitazama.

"Na kama umekosea?" akaniuliza. "Kama huyu ni mja wa Mungu?"

Nilikuwa nimeuweka ulimi akiba tangu asubuhi. Hakuna mtu mwenye imani angelamba maiti ya Muislamu, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Nikaitwaa ncha ya ile mbavu, pale palipolika kidogo, nikailamba mbele yao wote. Ilinishika barabara.

Imamu akamwambia sheha alete majembe.

Alilifungua kaburi mwenyewe, kwa mikono yake, kabla ya alasiri. Vidole vilikuwa bapa, vinapungua mpaka vinakuwa vyembamba mwishoni, na hapakuwa na gumba la kushikia kitu. Aliikunja ile sanda akaiweka kando. Akaniambia kwamba aliswali kwa nia ya Pandu, na haoni kuwa swala ile imepotea. Nilimheshimu sana mtu yule. Mkono akautia kwenye pakacha langu, na ndio huo mnaoufuta vumbi kwenye kabati la dirishani, ambao watoto wa skuli huuwekea viganja vyao juu ya kioo. Maalim alipouona alisema, "Vizuri." Sikupata kulisikia neno hilo kwake kabla, wala baada.

Lakini siku ile ilibaki kazi moja. Sheha alisema lazima Bi Mize aambiwe, na watu wote wakanitazama mimi.

Mwanamke aliye katika eda haonani na mwanamme asiye maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kumwoa. Niliketi ukumbini, mbele ya pazia, na nyuma ya pazia alikuwepo yeye pamoja na shangazi yake, Bi Mosi, mtu mzima sana. Nilikuwa nimepanga maneno. Sikuhitaji kuyatumia, habari zilikwisha kunitangulia.

"Nasikia umelamba," ikasema sauti ya Bi Mize.

"Naam. Nimelamba."

Akaitaka ile mbavu, na mkono wa Bi Mosi ukatoka chini ya pazia ukaichukua. Nikamsikia Bi Mize akiomba mfupa wa jikoni. Nikasikia mfupa mmoja unapasuliwa kwa mchi, mlio mkavu, na muda mfupi baadaye mchi huo huo unagonga kitu kisichopasuka. Alijaribu mara kadhaa. Sikumharakisha.

"Mie nimekaa eda ya nguva," akasema mwisho.

Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani alikuwa anafanya yote mawili. Akasema alikuwa ameanza kuzoea kuwa na kaburi. Alikuwa amekwisha kufikiri, akitoka eda, ni siku gani atatuma watu wakasome dua pale. Niliumia. Nilikuja na ukweli wangu wote na nyundo ya Maalim, na nilichomfanyia mwanamke yule ni kumpokonya mume mara ya pili.

Akaniuliza basi yeye ni mjane au ni mke wa mtu. Nilimwambia hilo ni la kadhi, mimi najua mifupa tu. Alikwenda kwa kadhi baadaye, na nilisikia kwamba aliamuliwa kwa huruma. Kisha akaniuliza lile ambalo nilikuwa naliogopa.

"Na kaka yangu, hana kosa?"

Ningeweza kusema hana. Simai alikuwa nje ya nyumba, amesimama karibu na ukuta, na nilimpenda mtu yule. Neno moja langu lingetosha, na kijiji kizima siku ile kingeniamini chochote.

"Hilo sikuliona kwenye jiwe, Bi Mize," nikasema. "Nilichokiona ni kwamba aliyezikwa si Pandu."

Nikasikia shangazi yake akisogeza mkeka.

"Umesema kweli," akasema. "Ungenambia hana kosa, nsingekuamini na la nguva."

Nikaaga nikatoka. Simai alinipita, akaenda mpaka kizingitini, akasimama na mikono yake miwili mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya.

"Hodi."

Nilikuwa nimeshika pakacha la mifupa na sikuweza kuondoka. Ya tatu aliisema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kuanza kugeuka.

"Karibu, kaka," ikajibu sauti ya ndani.

Simai akabaki pale pale mlangoni. Alikuwa amezoea kuondoka, na sasa hakujua miguu inafanya nini. Bi Mosi akafungua pazia kidogo akamtazama.

"Umeitikiwa," akamwambia. "Ingia."

Akavua viatu, akaingia.